Mafuta ya Nazi kwa Mashine ya Sauti

Mkono wa kulia wa mama ulianza kutetemeka katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa karani Malindi. Mwanzo kikombe cha kahawa kiligongagonga kisahani. Baadaye mtetemo ukaingia kwenye hina, na hapo ndipo tulipoogopa. Mama alikuwa mpakaji hina wa mtaa wetu, na Alhamisi iliyokuwa ikija ilikuwa zamu ya bibi arusi aliyekuwa binti wa marehemu dada yake, ambaye mama alimlea mwenyewe.

"Nikishindwa na huyu," aliniambia, "nimeacha kazi."

Vidonge vya daktari vilimlaza usingizi tu. Kisha jirani yetu akarudi kutoka hospitali moja upande wa Kilifi akiinua bega lililokuwa limegoma.

"Ni mashine ya sauti, ila huisikii," alitueleza. "Wakupaka kitu cha kuteleza, wazungusha kichuma, basi. Ngozi ikiwa kavu haipiti."

Kwa mama hilo halikuwa jambo geni. Kwetu mwenye pepo huchezewa ngoma, na sauti humfikia pepo aliye ndani bila kisu. Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta amejipaka mafuta ya nazi kichwani, yakimchuruzika hadi shingoni, leso imelowa.

"Mama, mashine ile ni ya mabega."

"Mkono watetemeka, lakini amri yatoka kichwani. Na shule yote ile niliyokusomesha!"

Tulipofika hospitali ile, mtaalamu wa viungo, bwana mmoja wa bara, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza na mgonjwa mwingine. Alipouona ule mng'aro wa mafuta alitabasamu, kisha akasikiliza ombi la mama, na tabasamu likamtoka.

"Samahani, mama. Sijui sauti ikiingia kichwani itafanya nini, na sitaki kujifunzia kwako."

"Jifunzie, mwanangu. Nimekupa ruhusa."

"Hapana, mama."

Yule bwana akaitwa chumba cha pili. Mara tu alipotoka, mama alikinyakua kile kichuma akakibandika kwenye panja. Nilitazama mashine: taa nyekundu ilikuwa inawaka. Hapakuwa na mlio wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Jiko likizidi moto utauona. Ngoma ikizidi utaisikia. Hapa sikujua kama sauti ni ndogo au ni kubwa, wala kama inaingia. Nilimshika mkono.

"Niache!"

Yule bwana alirudi mbio, akazima. Alimtaka mama ataje jina lake, acheke, ainue mikono, atembee. Mama aliyafanya yote kwa kiburi. "Mwangalie," bwana akaniambia mlangoni. "Akitapika, au akisema ovyo, mrudishe mara moja."

Mchana kutwa nilimwandama. Tulikula nini jana? Leo siku gani?

"Wanihoji kama polisi," akasema, akikuna nazi. Niliutazama mkono wake juu ya mbuzi. Ulitetemeka kama jana, haukuzidi, na kwa mara ya kwanza nikaushukuru mtetemo ule. Siku hizi nasikia kuna madaktari wanaoelekeza sauti ndani ya ubongo, bila kupasua, mikono ya watu ikatulia. Kila nikisikia hivyo naikumbuka ile taa nyekundu.

Alhamisi, bibi arusi aliweka kiganja juu ya mto. Mstari wa kwanza ulikwenda upande. Mama akakiweka kijiti cha hina chini.

"Mama, hilo ni shina," bibi arusi akasema. "Nani aliona shina lililonyooka? Tia majani."

"Na bwana arusi mwenyewe haoni vyema!" mmoja wa wanawake waliokuwepo akadakia, chumba kikacheka.

Mama hakucheka. Alikiokota kijiti, akaukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaendelea polepole, jasho likimtoka. Bibi arusi hakutikisika. Ilipoadhiniwa alasiri, kiganja kimoja kilikuwa kimekwisha. Mama alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akampa kijiti mwanamke aliyekaa karibu naye, akajisogeza kando, akaanza kumwelekeza kiganja cha pili.