Niliezua Nyumba ya Aliyeninyonyesha

Sitaki mnihurumie. Nilikosa kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, tena Biblia ikiwa kwapani. Jina langu silitaji kwa sababu mama zangu wawili bado wako hai, na aibu niliyowatia inatosha.

Nasema mama wawili, na si utani. Mama yangu aliponizaa aliugua vibaya, maziwa yakakauka. Jirani yetu, Mama Hadija, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Akanichukua. Ziwa moja Hadija, ziwa moja mimi, mpaka nikaanza kutembea. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, na hakuna aliyeuliza.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipokuja, tulihama naye pamoja mpaka hapa Zombo. Nyumba zilijengwa haraka haraka, zikaezekwa kwa nyasi za kuokoteza, na masika ya kwanza tu zikavuja. Wakati huo Mama Hadija alikuwa mjane, na Hadija ameolewa mbali.

Mimi nilikuwa katibu wa vijana kanisani. Kila msimu tulikuwa na huduma yetu kwa majirani. Masika tunawapalilia wagonjwa na wajane, kiangazi tunawaezekea nyumba. Kazi njema kabisa! Wala haikuwa yangu, niliikuta. Mtu alipaliliwa bila kuulizwa dini yake, akatupa ugali na mlenda, tukaagana.

Mimi ndiye niliyeiharibu.

Mwaka ule tulipata habari kwamba Jumapili fulani mgeni mkubwa wa kanisa angekuja kutoka Morogoro kuona kazi za vijana. Sifa zikanipanda kichwani. Nikaona mapaa mapya hayatoshi, lazima mgeni aonyeshwe watu. Nikaandika taarifa, nikaisoma mbele ya wazee wa kanisa, kwamba hata Mama Hadija ameguswa na atasimama siku hiyo kutoa ushuhuda. Sikuwa nimemwuliza! Nilijiambia tu kwamba yule hajawahi kuninyima kitu.

Alhamisi kabla ya mgeni tukaenda kwa Mama Hadija. Nyasi tulikuwa tumezifuata upande wa Mikumi, nje ya mpaka wa hifadhi, siku tatu, vijana wanane na baiskeli mbili. Mpaka saa nne asubuhi tulikwisha kuezua paa lote la zamani. Zikabaki kuta na dari, na juu ya dari yamelala mahindi yake ya mwaka mzima pamoja na mbegu.

Mwenyewe alikuwa jikoni nje, anatupikia maharage. Nikamwita, nikamwambia habari ya Jumapili kama jambo lililokwisha kupangwa. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, shukrani zangu nitakupa hapa hapa, na Mungu anasikia," akasema. "Kanisani kwenu sijawahi kusimama, na sitasimama kwa sababu ya nyasi."

Alisema kwa upole. Lakini vijana wangu walikuwa wanasikiliza, na taarifa nilikwisha kuisoma. Damu ikanichemka. Nikamjibu, "Basi, mama, nyasi zina wenyewe."

Jamani! Mdomo huu huu alioulisha yeye!

Nikawaamuru vijana wabebe mizigo yote ya nyasi tukamwezekee balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alishakubali kuja Jumapili na mke wake. Wawili wakanong'ona kwamba nyumba ya watu haiachwi uchi namna ile. Nikawakemea, nikasema tutarudi wiki ijayo, kiangazi hiki kuna mvua gani? Maharage yake hatukuyala.

Jioni mama yangu akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia hayo ni mambo ya kanisa. Akachukua mikeka yake akaenda kwa mwenzake.

Jumamosi mchana mvua ikanyesha. Kiangazi, mvua! Haikuwa ya muda mrefu, lakini ilikuwa nzito. Wale mama wawili walifunika mahindi kwa mikeka, kwa mablanketi, kwa kanga walizovaa. Majirani walipofika kusaidia, dari yote ilikuwa imelowa. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Yale mahindi yakaota ukungu, na mbegu haikufaa tena.

Mimi wakati huo nilikuwa kanisani nafundisha kwaya wimbo wa kumpokea mgeni.

Jumapili mgeni akaja. Akaulizia yule mama aliyetajwa kwenye taarifa. Nikasema anaumwa. Nilisema uongo mbele ya madhabahu, na watu wa kijiji wanajua, wananitazama.

Jumatatu nikaamka na panga kwenda kukata nyasi. Nilikuwa nimekwisha kujuta, hilo naapa. Lakini wenyeji wa huku mnajua kiangazi kinavyokwenda. Moto ulikuwa umepita Ijumaa, kabla ya ile mvua. Kutoka bondeni kwetu mpaka upande wa Mikumi ni majivu matupu, na nyasi nyingine mpaka masika ziote upya. Nikarudi kwa balozi kumsihi. Akaniuliza kama nataka na yeye aezuliwe.

Mama Hadija akaamua kwenda kwa kaka yake, Mvumi. Asubuhi ya safari nikamkuta mama yangu naye anafunga mzigo. Nikapiga magoti. Nikamwambia mama, mimi ndiye mwanao, unaniachaje?

"Mimi nilikuzaa," akasema. "Yule ndiye aliyekukuza. Mimi nafuata aliyenifaa."

Aliaga kwamba anampeleka mwenzake tu, atarudi kupanda. Masika mawili yamepita.

Mwezi uliopita nikapata ujasiri wa kuwafuata. Basi likaniteremsha Dumila, nikaazima baiskeli mpaka Mvumi. Niliwakuta uani wanapukuchua mahindi. Nikainama, nikamwamkia Mama Hadija shikamoo. Akaitikia marahaba, vizuri kabisa, bila chuki. Nikaomba msamaha nikilia kama mtoto. Akasema alikwisha kunisamehe zamani, nisijitese.

Halafu akaniletea kiti. Akamwambia mama yangu, "Tumsalimu mgeni wetu, ametoka mbali." Mama akaniletea maji ya kunawa, akanishikia bakuli kwa mikono miwili. Wakanichinjia kuku.

Enyi mliolelewa na mama zenu, mnajua maana yake. Mtoto wa nyumbani hapewi kiti, hutumwa kuni. Mtoto wa nyumbani hachinjiwi kuku, hufunua chungu mwenyewe. Nilimla yule kuku, kama mgeni.

Basi ninyi vijana wa makanisa, na ninyi wa misikiti pia, mnaojipanga msimu huu kwenda kupalilia na kuezeka, nendeni, ni kazi njema. Lakini ukishapanda juu ya nyumba ya mtu, usiteremke kabla hujaifunika. Na ukiwa unataka kulipwa, sema mapema, kabla hujaezua, ili mtu achague paa lake bovu.

Jioni ile walinisindikiza mpaka barabarani. Mama yangu akanishukuru kwa kuja.