Aliyerudi Bila Mzigo wa Mtu

Mdogo wangu alikuwa mnyang'anyi. Nalisema neno hilo wazi kwa sababu kwetu Mombasa walilizungusha sana: mara "alipata matatizo", mara "aliponzwa na marafiki". Hakuponzwa na mtu. Yeye na wenzake wawili walimsimamisha dereva wa gari la mauzo kwenye barabara ya maghala, hapa hapa Al Qusais, Dubai, ninapoishi, wakamtolea kisu na kuchukua mkoba wake. Walikamatwa kabla jua halijazama. Akafungwa miaka kadhaa, na hukumu ikasema akimaliza arudishwe kwao, asikanyage tena nchi hii.

Mama alipopata habari kwamba kifungo kimekwisha, hakuuliza kama mwanawe amekonda. Aliuliza, "Amepewa mizigo ya nani?"

Asiyewahi kuishi ugenini atamwona mama ana tamaa. Lakini mtu wetu akisafiri kwenda nyumbani, nusu ya begi si lake. Huyu kampa simu ampelekee mkewe, yule maziwa ya unga, mwingine manukato. Akifika, watu humiminika kuchukua vyao, na wakishakuja hukaa, hunywa chai, huuliza habari za huku. Tangu hukumu ile, majirani walikuwa hawavuki kizingiti cha mama. Alitaka mizigo ili walazimike kuja. Mkono mtupu haulambwi, na mama alilijua hilo vizuri.

Basi nikaanza kuzunguka, mwanamke mzima, naomba mizigo. Kwa kawaida tunaikimbia. Mtu huficha hata tarehe ya safari asije akabebeshwa. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, ambaye hamwachi msafiri aende mikono mitupu, alijikuna kichwa. "Aki dada, hii mwezi niko vibaya. Next time, sawa?" Next time ya mtu aliyefukuzwa! Jamaa mmoja wa Likoni, tunayefanya naye kazi hotelini Al Barsha, alisema ameshatuma vyake. Boksi lake nililiona kwa macho yangu, limefungwa kamba, linangoja msafiri mwingine.

Aliyekubali ni bibi mmoja wa Al Warqa, mzaliwa wa Unguja aliyezeekea Dubai, ambaye hutukaribisha watu wa pwani chakula cha Ijumaa. Alinitolea viatu laini vya kike, vipana.

"Mdogo wangu yuko Kibokoni, kule kwenu Mombasa, miguu yamvimba. Mwambie nduguyo amfikishie."

"Bibi, unajua alichokifanya?"

"N'najua, mwanangu. Na mdogo wangu hana viatu."

Nililia kwenye basi la kurudi, wala sikujali nani ananitazama.

Siku ya kumpelekea begi kule alikoshikiliwa akingoja kusafirishwa, askari alilifungua juu ya meza, mimi upande huu, mdogo wangu upande ule. Alikuwa na mvi. Nilijiandaa kwa mambo mengi, si kwa mvi. Askari akaingiza vidole ndani ya viatu, akauliza ni vya nani. Sijajibu, mdogo wangu akavisukuma kwangu.

"Si vyangu. Virudishe, dada."

"Ni vya mtu Kibokoni. Mama anangoja watu waje..."

"Kikipotea kimoja, nani ataambiwa kaiba? Sitaki kushika kitu cha mtu tena. Sitaki."

"Khalas," akasema askari, akafunga zipu.

Nilikasirika. Milango yote ile niliyogonga, halafu mtukufu anachagua! Ningeweza kumzaba kofi mbele ya askari. Kisha nikaona alivyoipeleka mikono yake nyuma, mmoja juu ya mwingine, bila kuambiwa na mtu. Hasira ikanitoka, nikabaki na uchungu mtupu. Nilimwambia amsalimie mama. Akaitikia kwa kichwa, wakamwondoa.

Viatu nilivirudisha Al Warqa.

Mama alinipigia siku ya pili baada ya mdogo wangu kufika. Alikuwa amepika mahamri, ameazima vikombe kwa shemeji yake na kuacha mlango wa mbele wazi tangu asubuhi. Nilimuuliza kama watu wamekuja.

"Nduguyo alikaa hapo mlangoni mpaka magharibi," alisema. "Nikamwambia afunge, mwanangu. Nzi wanaingia."