Kwenda Botswana kwa basi na mama: ndizi za mtori ziliishia Kazungula

Wakuu, heshima kwenu. Naona wengi mnauliza njia ya Botswana kwa barabara. Mimi sikuhadithiwa. Nimetoka huko na mama yangu mzazi, mfugaji wa Machame, ambaye mwisho wa safari zake ulikuwa Arusha.

Dada yangu ameolewa Francistown, kajifungua mtoto wa kwanza. Simu zikaanza: hali chakula, maziwa hayatoki, mtoto analia tu.

Mama akasema, "Mzazi gani anashindia chai na mkate? Nakwenda kumpikia mtori wa ndizi na nyama."

Tukamwambia ni mbali. "Kwani nimeuliza umbali?"

Haya, ya msingi: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, anwani na namba ya mwenyeji wako. Visa hatukudaiwa, ila ulizia kabla hujatoka, mambo hubadilika.

Moshi hadi Dar, Dar hadi Lusaka kupitia Tunduma, Lusaka hadi Livingstone, halafu daraja la Kazungula. Ukilivuka uko Botswana. Beba blanketi, usije ukalaumu.

Sasa kosa letu. Mama alibeba kiroba cha mchare, zile ndizi zetu za mtori, kakata mwenyewe kihambani, shambani kwetu nyuma ya nyumba. Na nyama kaikausha juu ya moto. Nani ambishie?

Kazungula, afisa kafungua kiroba, katikisa kichwa. Ndizi mbichi haziingii. Nyama ndiyo kabisaa.

Nikajua leo kinanuka.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anatazama zulia lililolowa dawa tuliloambiwa tukanyagie viatu. Akaniuliza la nini. Nikamwambia linazuia magonjwa ya ng'ombe.

"Mae! Hawa watu wanajua kufuga. Wangeniletea mimi nyama ya njiani zizini kwangu, ningewafukuza." Akausukuma mzigo kwa afisa kwa mkono wake. "Lakini mtori napika."

Nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na dereva wa lori, Mtanzania mwenzetu. Alisikia yote.

"Shikamoo mama. Madukani huku ndizi zote zimeiva, ila wenye kibali huzileta zikiwa mbichi. Nendeni kwa wauza matunda wa jumla kabla hawajazivundika."

"Marahaba baba, Mungu akutunze."

Wakuu, kushuka tu Francistown, mama kagoma kwenda kwa dada mikono mitupu. Mabegi mgongoni, tukazunguka maghala. La kwanza hamna, la pili wakatucheka. La tatu wakatuuzia mkungu mbichi, wanatushangaa. Nyama tukanunua hukohuko, na nyama ya Botswana acheni kabisa!

Dada alipofungua mlango na kumwona mama, akaangua kilio.

"Utalia ukishakula," mama akamwambia, huyo jikoni.

Hazikuwa mchare, mama mwenyewe alikiri zimepooza. Dada alimaliza bakuli, akaomba tena. Mimi nilitoka nje kidogo, machozi yalinilenga.

Mama akampikia kila siku. Haikupita muda maziwa yakatoka, mtoto akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Kama ni mtori au ni kumwona mama yake, wataalamu mtanisaidia.

Waliopitia Zimbabwe, semeni na nyie hali ya huko, kuna watu humu wanajipanga kusafiri.

Mimi langu ni hili: ndizi acha nyumbani, mama mbebe.