Uhusika Niliomtupia Esperansi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mara nne, na mara zote nne nikarudishwa, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kulia bila kitunguu. Ilikuwa Louisville, Marekani, Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa Mwongozaji. Siku za kazi yeye alipakia vifurushi ghalani karibu na uwanja wa ndege; Jumamosi alivaa kofia nyeusi na kuwa mtu mwingine kabisa. Sofa ilikuwa imesukumwa hadi jikoni, mapazia yamebanwa kwa pini, na kwenye zulia alikuwa amebandika vipande vya utepe wa rangi. Vipande hivyo tuliviita alama. Mwigizaji anaingia, anasimama juu ya alama yake bila kuangalia chini, anasema maneno yake. Ukiikosa unatoka kwenye picha, na kamera inabaki ikipiga ukuta mtupu.

Mimi alama sikuikosa. Kosa langu lilikuwa adabu. Kila nilipoingia niliitazama kamera na kuinamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa kufanya unapoingia nyumba ya watu.

“Kata!” Mwongozaji akapiga kelele. “Bon, Mama Neema, ile kamera haiko mugeni. Unaisalimia ya nini? Toka, wende kwako.”

Nikachukua mkoba wangu. Kabla sijafika kwenye ngazi akaniita. Kila mara mnaporudia kipande kilekile huitwa teki, na katika teki ya tano nililia mpaka mshika taa akapangusa macho yake. Mwongozaji hakusema asante. Alisema tu, “Jumamosi ingine ukuye mapema.”

Binti yangu Neema ndiye aliyeniomba niandike haya, kwa ajili ya vijana wa kanisa letu hapa Buffalo wanaopiga filamu kwa simu na hawajui tulivyofanya sisi. Nimekubali. Ila kazi hii siwezi kuisimulia bila kumtaja Esperansi, na Esperansi siwezi kumtaja kwa moyo mweupe. Mnivumilie.

Mnamjua. Ni yule mwigizaji wa filamu wa Ufini aliyepewa tuzo, ambaye kina mama wamebandika picha yake kwenye friji kama ndugu yao. Kabla Wafini hawajamjua, alikuwa jirani yangu kwenye kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma. Mimi ni Mrundi, yeye ni Mkongomani wa upande wa Fizi, na tuliigiza pamoja kanisani. Kila Krismasi mimi nilikuwa Mariamu. Yeye alikuwa mke wa mwenye nyumba ya wageni, anafungua mlango, anasema hakuna nafasi, anaufunga. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo na alikuwa na tabia ya kucheka mahali pasipotakiwa. Majina ya kuhamishiwa nchi nyingine yalipotoka, mimi Marekani, yeye Ufini, nilimpa pole mbele za watu kwa ajili ya baridi na lugha ngumu. Ndani nilikuwa na raha. Naandika kama ilivyokuwa.

Nirudi Louisville. Pale hatukuwa na mswada. Mwongozaji alitueleza kisa asubuhi, kila mmoja akajitafutia maneno yake, na filamu ikaisha baada ya Jumamosi nyingi. Ndiyo maana ilibidi awepo mtu wa mwendelezo, anayehakikisha kitambaa ulichofunga ukiingia mlangoni ndicho ulichofunga ukitokea upande wa pili, hata kama kati yake umepita mwezi. Kazi hiyo nilipewa mimi, juu ya kuigiza. Dada mmoja alisuka nywele katikati ya filamu bila kuniambia, akaingia jikoni na nywele fupi, akatoka na rasta za kufika kiunoni. Mwongozaji alikaa chini, akashika kichwa. Kisha akamwongezea maneno aliyeigiza mume wa dada yule: “Saluni ya leo iko mbio sana.” Watu waliipenda sehemu hiyo kuliko filamu nzima.

Kuna desturi moja vijana hamkuikuta. Mtu aliyeigiza mbaya, yaani mchawi, mlevi, mwanamke mwizi wa waume, baada ya teki ya mwisho alisimama katikati ya sebule, mchungaji akamwekea mkono kichwani na kuomba uhusika ule umtoke. Tuliita kuvua. Asiyevuliwa hakupewa mkono wala sahani. Na hata ukivuliwa, watu hawakusahau. Baba mmoja aliigiza mwizi wa sadaka. Hakuwahi kukabidhiwa kapu tena kanisani, na maskini hajawahi kuiba hata kiberiti. Kwa hiyo uhusika mbaya tuliwapa wageni na watu wa makanisa mengine. Mimi nilichukua mzuri tu: mama anayeomba, mjane anayesamehe, mke wa mchungaji. Dukani watu waliniita Mama Maombi, nami nilivimba kichwa.

Kisha nikahamia Columbus. Nilipata kazi ghalani, ya kufunga maboksi, na chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mtaa wa Clintonville. Huko filamu zilikuwa chini ya Mchungaji, ambaye ndiye aliyekuwa mtayarishaji, yule anayetafuta nyumba ya kupigia, chakula na ruhusa. Alikuwa Mrundi kama mimi, mpole, ila kwenye jambo moja alikuwa chuma.

“Mama Neema,” aliniambia siku niliyojiunga, “kwenye filamu zangu wewe hutatenda dhambi, hata ya kuwaza.”

Nikafurahi, nikidhani nimeheshimiwa. Filamu zetu zilienda kwenye mtandao, zikaangaliwa na watu wa lugha yetu kila mahali walipotupwa, na mimi nikawa na jina.

Hilo jina ndilo lililoleta simu. Mwongozaji mmoja wa Ufini alikuwa akitafuta mwanamke wa makamo mwenye Kiswahili, aliyeishi kambini. Alikuwa ameangalia filamu zetu za Columbus. Alizungumza kupitia mkalimani, kijana Mkenya mwanafunzi wa huko.

“Mama, amekuwatch kwa zile movie zote,” kijana akasema. “Anasema ni wewe anataka. Hajaongea na mtu mwingine bado.”

Akanieleza kisa. Mwanamke yuko kambini, mbele ya maofisa. Jina la binti yake mkubwa limeleta utata kwenye faili, na faili likirudishwa, familia yote inabaki. Anaulizwa mara moja tu. Anasema, “Huyu si mwanangu.” Anapanda ndege na wadogo, anafika nchi ya theluji, na filamu yote iliyobaki ni yeye akiishi na neno lile.

Nywele zilinisimama. Nilijua papo hapo jinsi ya kumwigiza. Nilijua mkono upi angemshika nao binti yule, na angeuachia wakati gani. Miaka yote ya kuombea wagonjwa mbele ya kamera sikuwahi kuutamani uhusika namna ile, na nilijua kwamba nikiupata, hakuna atakayeuliza tena nani ni mwigizaji kati ya watu wetu.

Lakini ninyi mliokuja huku kwa faili mnaelewa. Mahojiano yangu ya uraia yalikuwa yanakaribia. Je, mtu wa ofisi ile akiniona kwenye skrini nikimkana mtoto? Na kanisani wakisema, kumbe ndivyo alivyofika huyu? Nikamuuliza mkalimani, “Baada ya kupiga, ni nani ataniombea?”

Akaniomba nirudie. Akatafsiri. Nikasikia Kifini.

“Anasema anaweza kukupatia daktari mzuri sana wa mambo ya akili.”

“Sijasema naumwa,” nikamjibu.

Walinipa siku ya kufikiri. Kesho yake nikatuma ujumbe wa sauti, na maneno yangu nayakumbuka yote: “Mwambie bwana mkubwa mimi ni mama wa kanisa. Uhusika wa namna hiyo mpeni Esperansi, yuko hapohapo kwenu. Huyo hana aibu, atafanya chochote.” Nikaweka na namba yake ya simu.

Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka doa limkae yeye. Nilijua watu wetu wanavyogandisha uhusika kwa mtu, nikaona nimemtupia gunia la mkaa, abebe achafuke.

Filamu ilipotoka, akapata tuzo. Niliiona picha yake, amevaa gauni refu la kijani, ameshika sanamu ndogo kama ameshika kuku. Mchungaji alitangaza kanisani Columbus kwamba dada yetu wa kambini ametuheshimisha, watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, tena cha kwanza, mpaka koo likauma. Nilikaa nikisubiri mtu mmoja tu aseme kwamba amemkana mtoto. Hakutokea. Mchungaji yuleyule aliyenikataza hata dhambi ya kuwaza alisema filamu ile ina mafundisho.

Nilichomwa na wivu, jamani. Ghalani nilifunga maboksi nikisema maneno ya mwanamke yule kimoyomoyo. Nilipoweza kuiangalia filamu, niliiangalia kwenye kompyuta ya Neema, nikiisimamisha kila dakika mbili.

“Hapo mimi ningenyamaza,” nilisema. “Hapo amegeuka mapema. Ona miguu yake, anatafuta alama.”

“Mom, just watch it,” Neema akasema.

Tukafika pale mbele ya maofisa. Ofisa anauliza. Esperansi anasema neno lake, halafu anacheka. Kicheko kidogo, kibaya, mahali pasipotakiwa kabisa, kilekile cha kambini. Na ndicho hasa kilichofaa pale. Mimi ningelia pale, ningelia vizuri sana, na ningeiharibu filamu. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Uraia niliupata. Aliyenihoji hakuniuliza lolote kuhusu filamu.

Neema alipopata kazi Buffalo nilimfuata, tukakaa East Side. Hapa niliigiza bibi za watu, chini ya Mwongozaji msichana anayepiga kwa simu. Alikuwa na adabu sana, akinipa kiti kila baada ya teki. Magoti yalipokataa kusimama juu ya alama, nikamwambia imetosha. Akanipikia keki. Ndivyo nilivyostaafu.

Halafu Esperansi akaja. Walimwalika kuonyesha filamu yake kwenye ukumbi mmoja Lower West Side, Jumamosi mchana, na watu wetu wote walifika, Warundi kwa Wakongomani, na watoto wao. Neema alinikalisha mstari wa mbele. Filamu ilipoisha, Esperansi akashika kipaza sauti. Amenenepa, inampendeza.

“Bon, iko mutu moja humu ndani,” akasema. “Ule bwana wa filamu alimuita yeye kwanza. Yeye akasema, hapana, mupe Esperansi. Alikuwa na jina kubwa kuliko mimi, na akaniachia nafasi. Donc hii tuzo iko yake pia. Mama Neema, simama bakuone.”

Ukumbi wote ukageuka. Watu walisimama, wakapiga makofi, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, “Moyo gani huo!” Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli; kipaza sauti kilikuwa kimenyooshwa mbele yangu. Nilipanda jukwaani. Nikaweka mkono kifuani. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu asiyependa kusifiwa, nikaacha chozi moja litoke, moja tu, kisha nikamkumbatia. Sikusema neno. Wakati napigiwa makofi, nilijiambia kwamba hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, bila alama, bila mswada, teki moja. Angalau siku hiyo nilikuwa nimemshinda, hata kama najua peke yangu.

Baadaye tulikutana jikoni mwa ukumbi, yeye na mimi, tukipanga sambusa kwenye sinia. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba makofi yale nimeyaiba.

“Esperansi, kuna jambo sikukuambia.”

“Kama ni juu ya ile vokali yako, ile sauti ulituma kwa simu, acha. Nilisikia.”

Nikairudisha mezani sambusa niliyokuwa nimeshika.

“Ule mukalimani alinisikilizisha siku ya kwanza, njo akaniomba musamaha. ‘Huyo hana aibu, atafanya chochote.’ Nililia siku mbili, Mama Neema. Kisha nikaona, bon, anasema kweli. Ile filamu ilikuwa inatafuta mutu asiye na aibu.”

“Sasa kwa nini umenishukuru mbele ya watu wote wale?”

Alipanga sambusa mbili zaidi.

“Nilitaka nione utafanya nini na sura yako.” Akanitazama kama Mwongozaji wa Louisville alivyokuwa akinitazama. “Ulifanya muzuri. Lakini ule mukono kwa kifua, uliweka haraka. Ungengoya kwanza kidogo.”

Akabeba sinia, akatoka kwenda kwa watu.

Hayo ndiyo niliyonayo ya kuwaachia, vijana. Simameni juu ya alama, msiisalimie kamera, msisuke nywele kabla filamu haijaisha. Na uhusika ukiwajia, mbaya au mzuri, muuchukue ninyi wenyewe, msimtupie mwenzenu. Mimi siigizi tena. Ila asubuhi Neema akienda kazini, najifungia bafuni, nasimama mbele ya kioo, nasikiliza makofi yale, nangoja kidogo, ndipo naweka mkono kifuani. Inapendeza zaidi. Bado sijamsamehe.