Neno Nililolitia H

Kazi yangu ofisini ni kusikiliza sauti za vikao na kuziandika. Mtu akisema "hichi", mimi naandika "hiki". Akisema "vitu hizi", naandika "vitu hivi", na hakuna anayejua kwamba alikosea. Mimi mtu wa Tanga, na kusema kweli Kiswahili kibovu kinanikera kama mchanga kwenye wali. Ofisi ilipohamia Dodoma nilipanga chumba uani kwa mjane mmoja wa Kirangi, mzaliwa wa milima ya Kondoa, nikakaa kwake miaka minane. Bibi yule alikuwa akinicheka. Akinikuta namsahihisha muuza nyanya getini, ananivuta mkono, ananiambia nimwache mwenzangu atafute riziki kwa Kiswahili anachokiweza.

Kiangazi cha mwaka jana kiharusi kilimwangusha akiwa anapepeta uwele. Alirudi kutoka hospitali mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umekufa, na Kiswahili chake chote kimeondoka. Daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo, ile lugha mtu aliyojifunza baadaye ndiyo inayotangulia kupotea, na hicho chake hakitarudi. Lakini hata Kirangi hakukisema. Alilala kimya anatazama dari. Mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, alikaa naye siku tano, kisha akaitwa kupeleka mzigo Tunduma. Hakuwa na wa kumwachia ila mimi.

"Dada, akitaka kitu chochote mpe," aliniambia. "Chochote kile. Asinyimwe."

Nikamwahidi, nikachukua likizo. Nilimpenda yule bibi, sioni aibu kulisema. Nilipofika mji huu sijui mtu, ndiye aliyenipikia mlenda nikaumwa tumbo, akanicheka, akanipikia tena.

Asubuhi ya pili baada ya mwanawe kuondoka, nilikuwa namnywesha uji. Akageuza uso, akanyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea pembe iliyo karibu na mlango, akasema, "Iyo."

Jamani, nilifurahi. Nikaweka bakuli chini, nikamwambia, "Hiyo, bibi. Hiyo." Nilidhani kiharusi kimemnyang'anya h, nami nikamrudishia palepale, kwa mazoea ya kazi.

Kisha nikaanza kutafuta hiyo ni ipi, na nikatafuta kisomi. Pembe ile ilijaa vitu. Kiti hakiwezi kuwa, maana angesema hicho. Pazia nalo lingekuwa hilo, na mkeka ungekuwa huo. Anachokitaka lazima kiwe cha ngeli ya I-ZI, nikajiambia, na nikajiona hodari sana. Nikampelekea kanga iliyotundikwa msumarini. Akaisukuma. Nikampelekea redio, chupa ya chai, ndoo, kalenda ya ukutani. Kila kimoja alikisukuma kwa mkono wake mmoja, taratibu, halafu akanyoosha kidole palepale. Iyo.

Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. Hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa sijalala vizuri. Nikamkaripia: "Hiyo ipi? Si useme basi!" Machozi yakamtoka jicho moja, lile zima. Nikatoka uani nikasimama kwenye upepo, vumbi linaniingia mdomoni, nikajichukia.

Nikampigia mwanawe. Nilimweleza vizuri, kwa Kiswahili changu kilichonyooka, kwamba mama anaonyesha mlangoni na anasema hiyo. Niliitamka h yake sawasawa. Akafikiri sana. Akasema huenda anataka shuka aliyonunuliwa na marehemu baba, iko chini kabisa ya sanduku. Nikafukua sanduku zima. Shuka nayo ikasukumwa.

Siku ya nne niliondoa kila kitu katika pembe ile. Nilitoa kiti, nikatoa pazia, nikafagia. Ukabaki msumari, nao nikaung'oa kwa koleo. Nikarudi nikaketi kitandani kwake, nikatazama ule ukuta mtupu, nikamwambia sasa hakuna kitu.

"Iyo," akasema, na kidole kikaenda palepale.

Ndipo nilipoyatazama macho yake. Hakuwa akitazama ukuta, wala sakafu kulikokuwa na ndoo. Alitazama juu kiasi, mahali ambapo ungekuwa uso wa mwanamke aliyesimama. Na macho yalikuwa yanatulia na kusogea kidogo, kama unavyomtazama mtu anayepumua. Ilikuwa saa saba mchana, bati linalia kwa jua, na mimi nikainuka. Nilitafuta sababu ya kwenda jikoni.

Kesho yake kidole hakikuelekea pembeni tena. Kilionyesha katikati ya chumba, hatua mbili kutoka miguuni pa kitanda. Nikajiambia mkono umechoka. Niliendelea kujiambia hivyo asubuhi nzima.

Mchana alikuja mama anayetufulia nguo, Msandawe wa huko Kwa Mtoro. Alikuja kuchukua mashuka, akasimama kizingitini, akatoa shikamoo. Bibi hakumwitikia. Alinyoosha kidole katikati ya chumba, akasema neno lake. Yule mama akabaki mguu mmoja ndani mmoja nje. Akaniuliza chumbani kuna nani mwingine. Nikamwambia hakuna mtu.

"Mbona anamwita mama yake?"

Nikamuuliza kama anajua Kirangi. Akasema hajui hata kuomba maji. Lugha yake ni ile ya kupiga vidoko kwa ulimi, Mrangi akiisikia haambulii kitu, na miaka yote yeye na bibi wamesemeshana Kiswahili tu. Lakini neno hilo kwao analijua tangu ananyonya. Iyo ni mama. Akaniuliza, Warangi wao humwitaje mama? Miaka minane nimekula kwenye sahani za yule bibi, nimemsahihishia kila herufi, na neno hilo sikuwahi kumuuliza. Yule mama hakuingia. Aliomba nimpitishie mashuka dirishani.

Nikampigia tena mwanawe. Safari hii nililitamka neno kama lilivyo, bila h. "Anasema iyo," nikamwambia.

Akasema ndiyo, hata kwao iyo ni mama. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Dada, mama hajawahi kumwita mtu hivyo maishani mwake. Mama yake mzazi alikufa siku anamzaa. Alilelewa na shangazi, na shangazi alimwita shangazi." Kisha akaniuliza, "Anamwita kama mtu aliye mbali au aliye karibu?"

Nikamjibu karibu. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema anageuza gari saa hiyohiyo, yuko Makambako, usiku huo au alfajiri atakuwa amefika. Akaniomba nikae na mama yake, nimsemeshe, nimshike, nisimwache aende kabla hajafika. Alirudia mara mbili. Mwanaume mzima, analia barabarani.

Nikarudi chumbani na kiti, nikakiweka ubavuni pa kitanda, karibu kabisa, nikakaa. Nilikuwa na uhakika kwamba sasa najua la kufanya. Alikuwa anataka mama, na mimi ni mama, nina wawili. Nikaushika mkono wake mzima kifundoni. Aliponyoosha kidole, safari hii kilielekea kifuani kwangu.

"Iyo," akasema.

"Nipo, mwanangu," nikamwitikia. "Mama nipo."

Macho yake, yaliyokuwa yakitazama juu ya bega langu, yakashuka polepole yakanikuta. Alinitambua. Akanitazama kwa huruma, na kwa sauti yake ya siku zote, kwa Kiswahili ambacho daktari alisema hakitarudi, akasema:

"Siyo wewe. Umemkalia njia."

Nilikumbuka mwanawe yuko wapi, na saa alizobakiza. Nilikumbuka alivyoniomba siku anaondoka, kwamba mama asinyimwe kitu, na alivyoniomba leo, kwamba nisimwache aende. Mkono wa bibi ukajichomoa taratibu kutoka kwenye wangu. Nikasimama, nikavuta kiti changu hadi ukutani, nikampisha.