Farasi Niliyemfundisha kwa Kiswahili

Ipo siku moja, mwanangu, nikifumba macho naiona kama jana. Ni asubuhi ya baridi kali, majani ya uwanda yamekauka yakawa manjano, umande umeganda juu yake kama chumvi, na mimi, Saumu binti Hamisi wa Tanga, fundi wa cherehani, nimekaa juu ya mgongo wa farasi ambaye hajawahi kukaliwa na mtu. Hakuruka. Hakunitupa. Aligeuza shingo, akanusa ncha ya kiatu changu, akashusha pumzi ndefu kama mtu anayesema, "Kumbe ni wewe." Nikacheka huku machozi yananitoka.

Usinicheke. Najua leo unaniona bibi wa mtaa wa Observatory, ninayepanda kilima cha nyumbani kwangu kwa kupumzika mara mbili. Lakini kila mzee alikuwa na magoti mazuri siku zake.

Nilikuja Johannesburg kumfuata kaka yangu Kassim, aliyekuwa na duka la vitenge katikati ya jiji. Nilishona ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu, ukuta mmoja na kanisa la Wakongo, nao waliimba mpaka sindano yangu ikafuata mapigo yao. Siku moja akaja mama wa Kizungu, Mama Elise, na marundo ya mablanketi ya farasi yaliyochanika. Mafundi wote walikuwa wameyakataa kwa uzito na harufu. Mimi nikayapokea. Marehemu baba alikuwa na punda wawili wa kubebea mchanga kule Tanga, na harufu ile, mwanangu, ilikuwa harufu ya kwetu.

Nilipoyapeleka, nikabadilisha teksi mbili, nikakipita kitongoji cha Alexandra, hadi kaskazini kulikokuwa na mabanda yake. Huko nikawaona farasi, na sikutaka kuondoka. Tukakubaliana na Mama Elise kwamba nitamshonea mablanketi, naye atanifundisha kupanda. Miaka mitatu nilipanda farasi mzee mwenye subira kuliko wanadamu wengi. Sikuwa mashuhuri, wala sikulipwa senti. Nilikuwa mtu wa Jumamosi na Jumapili tu, mwenye kofia ngumu juu ya mtandio.

Kisha akaletwa jike mchanga, mwekundu kama udongo wa mvua, mwenye miguu mirefu. Alikuwa wa mbegu ile ambayo zamani Wazungu waliipanda kufuata mbwa wa kuwinda, wakivuka mashamba na kuruka nyua. Siku hizi huwindi kitu, unaruka viunzi na kupendeza machoni. Huyu alikuwa mwoga. Ukifungua mwavuli alikuwa upande wa pili wa uwanja. Mama Elise alitaka kumpeleka kwa mkufunzi huko Cape. Nikamwomba anipe mimi.

"Wewe, Saumu? Peke yako?"

"Mimi, na Ntate Molefi akinitazama."

Ntate Molefi, yaani Baba Molefi kwa lugha yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa mabanda, mzee wa Kisotho aliyezaliwa milimani ambako watoto hupanda farasi kabla hawajajua kufunga vifungo. Alinitazama, akamtazama farasi, akasema, "Eish." Mama Elise akanipa mwaka mmoja.

Nilimwita Tulia, kwa kuwa ndilo neno nililomwambia zaidi. Nilimfundisha kwa Kiswahili, lugha ninayoitumia ninapopenda. "Njoo." "Simama." "Polepole, mama." Watoto wetu mliozaliwa hapa tunawasemesha Kiswahili mnatujibu kwa Kiingereza. Tulia hakunijibu kwa lugha yoyote, lakini alitii. Miezi mitatu sikumpanda kabisa. Nilitembea naye kama dada na mdogo wake, nikamzungusha kwa kamba ndefu, nikamzoesha tandiko kwa kumwekea kwanza blanketi, kisha blanketi na mkanda, kisha tandiko lenyewe. Ile asubuhi niliyokueleza ndiyo ilikuwa malipo yangu. Baadaye tukaenda mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, kisha shoti, mbio zenyewe, tukavuka magogo yaliyolala chini. Kila juma alijua jambo moja asilolijua juma lililopita, na jambo hilo nilimfundisha mimi. Sijui kama naweza kukueleza furaha hiyo. Nguo ukiishona inavaliwa na mtu mwingine, inaondoka. Hii ilinigeukia na kunitambua.

Sasa nikwambie nilivyoiharibu.

Jumapili moja baada ya Idi, Kassim alikuja kunitazama. Kaka yangu hakupendezwa na mambo yale. "Mwanamke mzima, na suruali, juu ya mnyama," ndivyo alivyokuwa akisema. Siku hiyo akaja na jamaa zetu kumi na mmoja, akina mama na sambusa zao, watoto na mpira wao. Mama Elise alikuwa safarini, Ntate Molefi alikuwa kanisani. Nilimtoa Tulia, nikamzungusha, akavuka magogo yake vizuri kabisa. Wakapiga vigelegele. Moyo ukanivimba. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa karibu kumwaga mtungi mzima.

Akatokea mmoja, hata sura yake siikumbuki, akasema, "Ndiyo hayo tu? Hicho hata mbuzi wangu anaruka."

Watu wakacheka. Kassim naye akacheka. Nikashuka, nikainua kiunzi kwa mikono yangu mwenyewe hadi kifuani. Tulia hakuwa ameruka hata nusu ya kimo kile.

Mara ya kwanza alisimama. Nikamrudisha. Mara ya pili alisimama tena, akatetemeka chini yangu, nami nikalisikia tetemeko lile, mwanangu, nikalisikia wazi kama ninavyokusikia wewe ukihema. Nikampiga kwa fimbo. Nikampiga tena. Mara ya tatu aliruka kwa hofu tu, akagonga mti wa kiunzi kwa magoti, tukaanguka wote wawili.

Nilivunjika mtulinga. Yeye alichubuka goti, akainuka, akakimbia hatamu zikiburuzika chini hadi pembe ya mbali, akasimama akigeukia ukuta. Kassim ndiye aliyenibeba hadi garini. Njia nzima ya hospitali, kila robot, taa za barabarani za huku, ikitusimamisha, alikuwa akirudia, "Nisamehe, dada, mimi nilicheka." Nami nilijua aliyeinua kiunzi si yeye.

Lakini maumivu yenyewe yalikuja siku ya tatu, niliporudi mabandani mkono ukiwa umefungwa shingoni. Nilimwita kama kawaida yangu. Tulia akasikia sauti yangu, akalaza masikio, akanigeuzia mgongo.

Ntate Molefi alikuwa akisafisha kwato za farasi mwingine. Hakuinua sauti. Akaniuliza, akiniita dada kwa Kisotho, "Ausi, nani alikuwa juu ya farasi Jumapili?"

"Mimi, Ntate."

"Hapana. Nimeambiwa mlikuwa kumi na watatu. Ulipanda na watu wako wote. Farasi mchanga habebi watu kumi na watatu."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea, kwa ule mchanganyiko wake wa Kisotho na Kiingereza niliozoea kuufasiri moyoni, "Miezi minane umemwambia hutamuumiza. Kwa dakika tano ukamwambia ulikuwa unadanganya. Sasa amwamini nani, yule wa miezi au yule wa dakika?"

"Nifanye nini?"

"Nenda ukakae. Usimwombe kitu."

Basi nikakaa. Mama Elise alirudi, akaliona lile goti, akakasirika kwa haki, akasema farasi ataondoka kwenda Cape. Mzee Molefi akavua kofia mbele yake na kusema, "Mwache ausi amalize mwaka wake. Aliyemvunja ndiye anayejua pa kumuunga." Mama Elise akalitazama tena lile goti, kisha akasema, "Hadi Machi."

Kila Jumamosi na Jumapili niligeuza ndoo, nikaikalia katikati ya uwanja, mgongo wangu kwa Tulia. Sikumwita. Sikuleta karoti. Ilikuwa majira ya mvua. Alasiri radi zililia nikakimbilia kibandani, zikipita nikarudi. Wapanda farasi wengine walinipita wakinionea huruma. Nilisoma nyiradi zangu, nilijisikia mjinga. Juma la nne alikula majani hatua kumi kutoka kwangu. Juma la sita, hatua tatu. Juma la saba nilisikia pumzi ya moto kwenye shingo, kisha pua yenye unyevu ikalalia bega langu, lile la mtulinga uliovunjika, taratibu, kama ajuaye. Sikugeuka. Nilimwambia tu, "Nimekosa, mama. Nisamehe." Ukisema mnyama haelewi, sitabishana nawe.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulianza upya, kamba, blanketi, tandiko, gogo chini. Na nikwambie siri, mara ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, maana sasa sikuwa na wa kumwonyesha.

Machi ikafika. Mabanda ya jirani yaliandaa mashindano madogo ya farasi wachanga, viunzi vinane, vya chini. Kassim alikuja peke yake, akasimama nyuma ya uzio mikono mifukoni. Viunzi vitatu tukavivuka. Mbele ya cha nne palikuwa na turubai jekundu likipepea, nami nikalisikia lile tetemeko. Watu walikuwa wengi. Fimbo sikuwa nayo, niliiacha nyumbani tangu ile Jumapili. Nikamgeuza kando. Nikajua hapo hapo kwamba tumeshindwa, alama zimekwenda, na nikaona ajabu kwamba sikujali. Nikamzungusha polepole, nikamwacha alitazame lile turubai, alinuse, alipulizie kwa pua. "Tulia," nikamwambia. "Hakuna haraka." Tukazunguka tena, na safari hii masikio yalisimama mbele, akaniomba hatamu mwenyewe. Nikampa. Akaruka, mwanangu. Akaruka juu kuliko ilivyohitajika, kama anayevuka mto, na vilivyobaki alivivuka kimoja baada ya kingine.

Tulikuwa wa mwisho. Nyuma ya uzio nilisikia mtu akilia "Mashaallah!" kwa sauti ya kutia aibu, na alikuwa kaka yangu. Ntate Molefi alikuja, akapapasa goti la Tulia, kisha akanipa mkono kama watu wazima wanavyopeana. "Sharp, ausi," akasema, yaani safi kabisa. Mama Elise alichana barua aliyokwisha kumwandikia mkufunzi wa Cape. Tulia nilimpanda miaka kumi na minne, na hakuna mtu mwingine aliyemfundisha neno.

Mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu, na pupa mbaya kuliko zote ni ya kutaka kusifiwa. Ukipewa kitu kichanga ukilee, awe mtoto, au kazi, au ndoa, au moyo wa mtu, kilee kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa wanaokutazama, kwani wao watakwenda nyumbani na sambusa zao, nawe utabaki nacho. Ukikiogopesha, usikikimbie kwa aibu wala usikivute kwa nguvu. Rudi, keti karibu, usidai kitu, ngoja. Na usione haya kuanza tena chini kabisa.

Mungu akujaalie mikono myepesi na masikio ya kusikia anayetetemeka. Akupe mzee wa kukukanya kwa upole, na moyo wa kumsikiliza. Na utakaloanza kwa subira, akuonyeshe likikujia lenyewe, kwa hiari yake. Amin.