Nilivyomwagiwa Poda Kabla Jopo Halijaamua

Shahada yangu ya sheria ya kimataifa niliisomea ng'ambo, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini. Nalisema hili kwa sauti, kwa sababu walionicheka nikiondoka Luvungi, kijijini kwetu, walidhani ningerudi kulima mpunga. Nilirudi Bukavu na tai shingoni kuomba ualimu wa chuo kikuu. Chuo kikataka kwanza nitoe somo moja hadharani, mbele ya jopo la maprofesa watatu. Wakiridhika, naajiriwa. Wasiporidhika, basi.

Mada waliichagua wao: nchi mpya inapataje uhuru kisheria. Nilitamba. Nilieleza jinsi watu wenyewe wanavyoamua, mara nyingi kwa kura. Jinsi dola iliyokuwa ikitawala inavyopitisha sheria ya kukabidhi madaraka. Jinsi nchi nyingine zinavyoitambua ile mpya, hadi Umoja wa Mataifa unaipigia kura na kuipa kiti. Karatasi sikuitazama hata mara moja.

Niliposema asante, familia yangu, iliyojaza viti vya nyuma kwa vitenge vya sare, ikadhani mambo yamekwisha. Kwetu anayefaulu humwagiwa poda. Dada yangu mkubwa akaja mbio na kopo, akanimwagia kichwani hadi mabegani, maman, mama yetu, akipiga vigelegele. Jopo lilikuwa bado halijauliza hata swali moja.

Rais wa jopo akagonga meza. "Maman, nani amewaambia huyu amepata?"

"Sisi wenyewe, papa profesa," maman akajibu. "Ninyi mulikuwa munangojea nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa mmoja, mkali kuliko wenzake, hakucheka. Akanigeukia: "Papa, hii fujo iko nini kisheria?"

Poda ilikuwa imeniingia machoni. Niliona kazi ikiponyoka.

"Ni tangazo la uhuru, profesa," nikasema. "Watu wako. Eneo liko, ni vile viti vya nyuma. Serikali iko, ni maman, mumeisikia inavyoongea. Kinachobaki ni ninyi kututambua."

"Na tukikataa?"

"Mukikataa, hii poda haitatoka kichwani. Nchi iliyokamilika ipo, hata jirani akijifanya haioni. Ila itakosa kiti mezani penu, na mimi nimekuja kutafuta kiti hicho."

Hapo akacheka, akavua miwani na kufuta macho. Walitoka kushauriana, wakarudi upesi. Rais akasimama.

"Jopo linaitambua nchi ya maman," akasema, "na kwa kauli moja linampa huyu kiti."

Dada akamaliza kopo lote. Safari hii niliinama mwenyewe. Gari la shemeji lilikuwa linanisubiri mlangoni, nikalikataa. Nilitembea kwa miguu hadi mtaa wa Muhumba, mweupe tangu nywele hadi viatu, nikipita katikati ya barabara ili kila mtu anione vizuri.